Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata magonjwa kwa ramani

Anayetoka Kamembe kwenda Bugarama huteremka. Huviacha vilima vinavyolitazama Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, akaishia kwenye bonde la mpunga na joto, si mbali na mahali ambapo Mto Rusizi hufikia mwinuko wa mita 950, sehemu iliyo chini kuliko zote nchini Rwanda. Wilaya ni moja, lakini hewa ni tofauti, mazao ni tofauti, na huko chini mbu wa malaria ni wengi zaidi.

Miteremko ya namna hii, ambayo msafiri wa kawaida huitambua kwa kuvua koti, ilimsaidia daktari mmoja kufahamu kwa nini saratani fulani iliwaua watoto wa sehemu moja ya Afrika Mashariki na kuwaacha wa sehemu nyingine. Miaka michache baadaye, swali lilelile la ugonjwa uko wapi na haupo wapi lilimfikisha kwenye jambo linalomgusa kila mtu, yaani chakula kilicho kwenye sahani yake. Daktari huyo ni Denis Parsons Burkitt, aliyefariki dunia mwaka 1993 baada ya kuitumikia Uganda kwa miaka 20.

Mwana wa mchora ramani

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika jimbo la Fermanagh, ambalo leo ni sehemu ya Ireland Kaskazini. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi aliyesimamia barabara na majengo ya jimbo, na saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliokuwa wakiishi bustanini mwake. Aliwanasa, akawavisha pete miguuni, akawaachia, kisha akachora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilitetea dhidi ya wenzake. Wataalamu wa ndege wanaikumbuka kazi hiyo hadi leo. Mtoto alikulia katika nyumba ambamo ramani haikuwa pambo la ukutani, ilikuwa chombo cha kufikiria.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa wanafunzi, kioo cha miwani yake kikavunjika, na jicho la kulia likapotea. Maisha yake yote yaliyobaki alivaa jicho la bandia. Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini huko imani yake ya Kikristo ilikolea, akahamia kwenye udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh.

Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia vilibadili mambo, kwa maana jeshi lilihitaji madaktari wa upasuaji kuliko lilivyohitaji macho mawili. Alitumwa Kenya, nchi ambayo ami yake Roland Burkitt alikuwa daktari mashuhuri jijini Nairobi, kisha akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Akiwa likizoni alifika Uganda, akaipenda. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, ambaye walijaliwa naye mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango kaskazini mwa Uganda.

Kazi ya Lira ilikuwa nzito na ya kila aina. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwemo wanaume wengi wenye busha. Alipoanza kuwauliza walikotoka, aligundua kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida upande wa mashariki wa wilaya na wa nadra upande wa magharibi. Hakuna aliyekuwa amemwagiza kuuliza. Aliandika aliyoyaona, akayachapisha. Busha la namna hiyo huletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, na mbu hawaenei sawasawa kila mahali. Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, na huko kwa karibu miaka kumi alifanya upasuaji bila kufikiri kwamba atakuja kujulikana kwa utafiti.

Taya za watoto

Mwaka 1957 mwenzake, Dkt. Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kwenye taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, kwa kuwa usaha wa jino huanzia sehemu moja, na uvimbe wa saratani kwa kawaida huanzia sehemu moja vilevile. Hakuwa na jibu. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima, akakuta uvimbe tumboni pia.

Tukio moja laweza kuwa ajabu. Mawili yalimrudisha Mulago kufungua majalada ya zamani. Aligundua kwamba watoto waliovimba taya na watoto waliokuwa na uvimbe wa figo, ini au mayai ya uzazi, ambao waliandikwa kwa majina tofauti kulingana na kiungo kilichoathirika, walikuwa mara nyingi wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Alichapisha taarifa yake mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza, na ni wachache walioitilia maanani. Wataalamu wa kuchunguza tishu waliokuwa Kampala walionyesha baadaye kwamba ilikuwa saratani ya tezi za limfu, ile ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Ilikuwa ikiua mtoto katika muda wa miezi.

Kwa fedha kidogo sana, Burkitt alichapa karatasi zenye picha za watoto hao na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama wameona kitu cha namna hiyo. Majibu aliyaweka kwenye ramani ya ukutani kwa pini. Ukanda ukajitokeza ukilizunguka bara katikati, ukiwa na mkia unaoteremka pwani ya mashariki kuelekea kusini. Kulikuwa na mapengo ndani ya ukanda huo, na hayo ndiyo yaliyomvutia zaidi. Kwa nini Kigezi, wilaya ya milima ya Uganda inayopakana na Rwanda, haikuwa na pini?

Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa takriban pauni 250. Katika wiki kumi walisafiri karibu kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizitembelea hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali Burkitt alitoa picha zake, akauliza, akaandika. Hakuwa na maabara wala hadubini safarini.

Mpaka wa saratani ulioonekana ulikuwa wa mwinuko. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka, ukawa kama mita 900 huko Malawi na Zambia, na mita 300 huko Swaziland. Mlima hauwezi kubadili tabia yake kwa sababu ya latitudo. Kinachobadilika ni joto. Alipolinganisha na takwimu za hali ya hewa aliona kwamba saratani ilikoma pale ambapo baridi ilizidi au mvua ilipungua, na mpaka huo uliwiana na maeneo ya mbu na malaria kali.

Palibaki swali la damu na ukoo. Huenda watu wa milimani walizaliwa na kinga katika urithi wao. Burkitt na mwenzake Dennis Wright walilichunguza kwa kuwaangalia wahamiaji, wakiwemo watu waliotoka Rwanda, Burundi na Kigezi kwenda kuishi na kufanya kazi kwenye nchi ya chini karibu na Kampala. Miongoni mwao saratani ilitokea, tena ikiwapata wakiwa na umri mkubwa kuliko watoto waliozaliwa hukohuko. Mtoto wa bondeni alikutana na kisababishi akiwa mchanga, na mgeni kutoka milimani alikutana nacho siku alipohamia. Kwa hiyo ulinzi wa watu wa milimani ulitokana na mahali walipoishi. Wasomaji wengi wa maisha ya Burkitt huipita sehemu hii haraka, ingawa kwa watu wa eneo la Maziwa Makuu inastahili kusomwa mara mbili.

Kisababishi chenyewe kilipatikana London. Mnamo Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo kinaitwa Epstein-Barr.

Lakini kirusi hicho kimo mwilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na walio wengi hakiwadhuru. Malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga ya mtoto na kuzichochea seli za damu zijigawe mno. Katika kujigawa huko, kipande cha kromosomu ya nane hukatika na kuungana vibaya, mara nyingi na kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC huwekwa pahali ambapo haizimwi tena. Hilo lilibainishwa mwaka 1982. Kosa hilo la jeni hutokea katika seli za mtoto mwenyewe wakati wa uhai wake, hakulirithi kwa mama wala kwa baba. Familia nyingi zilizompoteza mtoto kwa uvimbe huo zimebeba lawama ya ukoo isiyowahusu.

Burkitt alijaribu pia dawa. Kampala haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi, na upasuaji haukusaidia. Kwa dawa alizopewa na madaktari wa Marekani, nyingine kwa dozi moja au mbili tu, aliona uvimbe ukiyeyuka katika siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Leo saratani hiyo ni kati ya zinazotibika vizuri zikiwahiwa, na nchini Rwanda hutibiwa katika kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012 kaskazini mwa nchi. Anayechelewa, kwa umbali au kwa kudhani ni jino, bado hufa.

Kutoka wodini hadi sahanini

Mwaka 1966 Burkitt alirudi London kufanya kazi katika Baraza la Utafiti wa Tiba. Mwaka uliofuata alitambulishwa kwa Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, ambaye wenzake wengi walimwona mtu wa mawazo ya ajabu. Hoja ya Cleave ilitoka kwa Charles Darwin. Mwili wa binadamu, alisema, ulijengeka polepole kwa mageuko ya vizazi vingi sana, ukila mbegu, mizizi na matunda pamoja na maganda na nyuzi zake. Kisha katika vizazi vichache vikaja viwanda vya sukari na mashine za kusaga unga mweupe, na urithi wa mwili haukupata muda wa kuzoea. Kwa maoni yake, kisukari, ugonjwa wa moyo, bawasiri na maradhi mengine mengi yalikuwa matawi ya mti mmoja.

Burkitt aliposikia hayo alikumbuka Mulago. Katika miaka 20 ya upasuaji alikuwa amekutana mara chache sana na ugonjwa wa kidole tumbo, mawe ya nyongo au saratani ya utumbo mpana miongoni mwa Waafrika wa vijijini, ilhali hospitali za Uingereza zilijaa wagonjwa hao. Tena Wamarekani weusi, ambao mababu zao walitoka Afrika, walikuwa wakiugua kama Wamarekani weupe. Hoja ya ukoo iliangushwa kwa mara ya pili, na tena kwa kuwatazama waliohama.

Alirudia njia yake ya zamani. Hospitali nyingi za misheni barani Afrika na Asia zilipokea fomu zake na kumjibu kila mwezi. Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza alipima jambo ambalo wanasayansi waungwana waliona aibu kulipima: uzito wa choo na muda ambao chakula hutumia kupita mwilini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wanamaji wa Uingereza walitoa wastani wa gramu 104 kwa siku, na chakula kilichukua saa 83 kupita. Kwa wanavijiji wa Uganda ilikuwa gramu 470 na saa 36. Tofauti hiyo aliieleza kwa nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo, yaani ile sehemu ya mmea isiyomeng'enywa na tumbo la binadamu. Kabla yake vitabu vingi vya lishe viliihesabu kuwa taka.

Alikuwa msemaji hodari, mcheshi, asiyeona haya kuwaonyesha maprofesa picha za choo cha porini. Kwa miaka 20 alizunguka Uingereza na Marekani akihubiri maharage, mboga na mkate wa ngano isiyokobolewa. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa na watu wengi katika nchi nyingi, na makampuni ya vyakula vya nafaka hayakuchelewa kulitumia wazo hilo madukani. Mwaka 1981 yeye na Trowell walihariri kitabu kikubwa kuhusu magonjwa yanayofuata maisha ya kimagharibi.

Alipopungukiwa

Burkitt alipenda jibu rahisi, na hapo ndipo wakosoaji wake walipompata. Watu wa kijijini hawatofautiani na wa mjini kwa nyuzinyuzi peke yake. Hutofautiana pia kwa nyama, mafuta, kutembea, uvutaji wa sigara, na kwa umri, maana saratani ya utumbo huwapata zaidi wazee, na kijiji chenye vifo vingi vya mapema kina wazee wachache wa kuugua. Pia hospitali iliyo mbali haiwezi kumhesabu mgonjwa asiyefika. Njia ya ramani huonyesha pa kutazama, lakini uthibitisho huhitaji kazi nyingine.

Kazi hiyo imefanywa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioombwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka na majaribio 58. Wanaokula nyuzinyuzi nyingi, kulinganisha na wanaokula kidogo, walikuwa na upungufu wa asilimia 15 hadi 30 katika vifo na katika maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Kiwango kilichopendekezwa ni angalau gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Kuna pengo jingine, na kwa eneo la Kivu ni kubwa zaidi. Chakula cha kijijini ambacho Burkitt alikisifu kiliwalinda watu wazima dhidi ya magonjwa ya Ulaya, lakini hakikuwatosha watoto. Trowell, rafiki yake, alitumia miaka mingi ya maisha yake Kenya na Uganda akichunguza kwashakoo, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa wanga mtupu, ambao Wanyarwanda huuita bwaki. Muhogo na ndizi hujaza tumbo dogo kabla halijapata protini ya kutosha. Utafiti wa taifa wa Rwanda wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kwa hiyo familia ya Kamembe leo inakabiliwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Mtoto mdogo anahitaji maharage, yai, maziwa au sambaza wa ziwani pamoja na ugali wake. Baba na mama, kadiri kipato kinavyoongezeka, huhama kutoka kwenye viazi vitamu, maharage na mboga kwenda kwenye kawunga nyeupe iliyokobolewa, mandazi na soda, na kisukari na shinikizo la damu huwafuata huko. Katika lugha ya Burkitt, watu hawa wamehama bila kuvuka mpaka wowote. Wale waliosema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya wangeshangaa kuiona foleni ya kliniki ya leo.

Burkitt alipewa heshima nyingi, ikiwemo tuzo ya Lasker na kuchaguliwa katika Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza, yote mawili mwaka 1972. Miaka yake ya mwisho aliishi na Olive katika jimbo la Gloucestershire, akiendelea kuandika barua na kusafiri kutoa mihadhara. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa katika kijiji cha Bisley.